Kosa la Kulijua Shimo

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeagizwa nianze hivyo, na kwa kuwa mimi ni karani wa mahakama mwenye miaka kumi na tisa kazini na sijawahi kukaidi agizo, nimeanza hivyo. Haipo. Ukisikia popote kwamba ipo, umesikia vibaya, endelea na shughuli zako.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo tuna sheria moja nzuri mno, Sheria ya Uzembe. Ni fupi, nimeihifadhi kichwani: "Mzembe ni mtu yeyote aliyeijua hatari na asiiondoe." Basi, imekwisha. Siku ilipopitishwa, wabunge waliipigia makofi dakika kumi na mbili, wakidhani safari hii wazembe wamepatikana. Kumbe wataalamu waliporudi ofisini wakaisoma kwa utulivu, waligundua ina mlango mpana wa kutokea. Asiyejua hana kosa.

Tangu hapo serikali yetu imefanya kazi kubwa sana ya kutojua. Watumishi wote tulipelekwa semina ya siku tatu, tukafundishwa kutembea barabarani tukitazama juu, mawinguni, jicho lisije likaangukia kitu likatuletea balaa. Idara ya Barabara ilipewa muhuri mpya wa mpira wenye neno HAIJAPOKELEWA. Mwananchi akileta barua ya malalamiko inagongwa muhuri huo, inatiwa saini, inaandikwa tarehe na saa ambayo haikupokelewa, kisha anarudishiwa nakala yake kwa heshima zote. Wapo wanaosema huu ni ubabaishaji. Nawashangaa! Ziko nchi ambako barua haipokelewi na wala mwenyewe haambiwi.

Sasa nije kwenye shimo. Samahani, kwenye kitu kinachodaiwa kuwa shimo.

Kipo Mtaa wa Machinjioni, katikati ya njia, pale mfuniko wa mtaro ulipopotea. Mtu mzima akisimama ndani yake unaona kofia tu. Mkabala nacho pana kibanda cha Fundi Chande, mtengeneza baiskeli, mtu mkavu, mwepesi wa hasira, mwenye redio inayosikika mpaka sokoni. Chande hakuhudhuria semina. Siku ile ile mfuniko ulipopotea alikata tawi la mlonge akalichomeka pale, kama watu wa kwetu wafanyavyo gari likiharibika au njia ikikatika. Tawi bichi barabarani halihitaji maelezo, unachepuka. Majani yakinyauka, Chande alikata jingine. Miaka mitatu, kila Jumatatu, tawi jipya. Hakumwambia mtu, hakutaka sifa, alikuwa anatukana tu wakati wa kulichomeka.

Jirani yake upande wa pili ni Bi Sikudhani, muuza uji. Kila alfajiri hujitwika sufuria la uji kichwani akaenda nalo stendi, na mataa ya mtaa ule, kama yapo, hayajapokelewa. Walikuwa hawapatani na Chande. Yeye humwaga majivu ya jiko karibu na kibanda, na Chande huongeza sauti ya redio.

"Wewe Fundi, redio hiyo unawawekea viziwi?"

"Na majivu haya, Mama Uji, ndiyo kifungua kinywa changu?"

Waliishi hivyo miaka na miaka, kila mmoja ameridhika.

Ikatangazwa kwamba Mlezi Mkuu wa Taifa atapita Machinjioni. Lo, mji ukapagawa! Mawe yalipakwa chokaa, mbuzi wakafungiwa, wafagiaji wa Idara wakapewa amri ya kuondoa kila uchafu njiani. Wakafika pale, wakaona tawi limesimama katikati ya barabara. Uchafu! Wakaling'oa, wakalitupa kwenye lori. Shimo hawakuligusa, kwa sababu halikuwamo kwenye orodha ya uchafu. Mlezi Mkuu mwenyewe hakuja, alishikwa na mafua.

Kesho yake alfajiri Bi Sikudhani alikuja na sufuria lake. Akatafuta tawi kwa jicho, hakuliona, akajua hajafika. Alikuwa amefika. Kifundo cha mguu kikavunjika mara mbili na uji wote ukamwagika. Aliyesikia kishindo ni Chande, ambaye alirukia mle ndani akiwa na msuli tu.

"Pole, dada! Pole sana! Usiukanyagie huo mguu, nimesema usiukanyagie! Mbona mbishi hivi!"

"Toa mkono wako mchafu wa grisi," alilia Bi Sikudhani, huku amemng'ang'ania shingoni.

Akamfunga mguu kwa spoku nne na vipande vya mpira wa ndani wa tairi, akampakia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akamkokota mpaka hospitali. Waligombana njia nzima.

Hospitali ya kwetu ina utaratibu. Muuguzi aliutazama mguu, akautazama uso, akanyoosha kiganja.

"Cheti cha Kosa."

"Mguu wangu huu hapa, dada yangu, umevimba hivi."

"Mguu nimeuona, mama. Majeruhi hatibiwi mpaka mahakama itamke nani mwenye kosa. Bila cheti daktari atajuaje anatibu kosa la nani?"

"Sasa kosa ndilo litakalounga mfupa?"

Muuguzi akampa vidonge viwili vya maumivu na karatasi ya kwenda mahakamani. Daktari alipopita kwenye korido aliongeza neno moja kwa upole. Asicheleweshe, maana baada ya wiki mbili mfupa utajiunga wenyewe, upande upande, na hatabeba tena sufuria kichwani maisha yake yote.

Kesi ilipata nafasi siku ya kumi na tatu. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyeandika.

Mshtakiwa alikuwa Idara ya Barabara, na Mkurugenzi wake, Bwana Makwaya, aliingia akitazama dari, akaongozwa na dereva wake mpaka kwenye kiti. Aliyemtetea ni Wakili Gaudensi, ambaye joho lake lilikuwa na pasi pande zote nne. Alisimama, akakohoa, akaikunjua sauti.

"Mheshimiwa Hakimu! Idara ninayoitetea ni Idara safi! Haikujua, haijui, na imejiwekea mikakati ya kutokujua kwa miaka mitano ijayo! Ushahidi huu hapa. Barua arobaini na moja za wakazi wa Machinjioni, Mheshimiwa, arobaini na moja, na hata moja haikupokelewa!"

Akaziweka mezani. Kila moja ilikuwa na muhuri, saini, tarehe na saa. Hakimu Mwaitege alizipekua, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema katika kazi yake yote hajaona kutojua kulikopangwa vizuri namna ile.

Bi Sikudhani akamwita shahidi wake pekee, Chande. Wakili Gaudensi akamsogelea taratibu.

"Bwana Fundi, unasema pale palikuwa na tawi?"

"Miaka mitatu."

"Nani aliliweka?"

"Mimi. Nani mwingine? Wewe?"

"Kwa nini uliliweka?"

"Watu wasitumbukie."

"Wasitumbukie wapi, Bwana Fundi?"

"Shimoni! Wapi tena?"

Wakili akageuka kwa Hakimu, akafungua mikono yote miwili. "Alijua," akasema.

Ukumbi mzima ukaguna. Jamani, mimi mwenyewe nililipigia neno hilo mstari. Mtu amejua miaka mitatu, na kila Jumatatu anajua upya! Wala Wakili hakuishia hapo. Alieleza kwamba kwa tawi lake Chande aliwazoesha wakazi kuamini kuwa pasipo na tawi hapana hatari. Asingeweka tawi, kila mtu angepita pale kwa woga na uangalifu, kama raia wema wanavyopaswa kupita kwenye barabara za nchi yao. "Tawi ndilo lililomwangusha mama huyu, Mheshimiwa! Lilimwangusha kwa kutokuwepo!"

Niliacha kuandika nikamtazama tu. Watu wengine wamesoma, bwana.

Chande akahamishwa kutoka kizimba cha mashahidi kwenda cha washtakiwa. Ni hatua nne. Kosa la kujua kwetu ni miaka mitano.

Hakimu akatoa mapumziko ya dakika kumi, na Wakili Gaudensi akachuchumaa kando ya kiti cha Bi Sikudhani. Alikuwa na sauti laini sana asipokuwa amesimama.

"Mama yangu, imebaki swali moja tu. Nitakuuliza kama ulijua pale pana hatari. Sema hukujua. Cheti kinatoka leo leo kwa jina la Chande, saa nane daktari anakuunga mguu wako, unarudi kwenye uji wako."

"Na nikisema nilijua?"

"Hapo utakuwa mwenye kosa kama yeye. Mtaondoka wote wawili kwenye karandinga la polisi."

Bi Sikudhani akautazama mguu. Spoku zilikuwa zimeanza kutu, na kesho yake wiki mbili zilikuwa zinatimia.

"Mama Uji!" Chande akapiga kelele kutoka kizimbani. "Sema hukujua! Usiwe mjinga! Mimi sina sufuria la kubeba kichwani!"

"Nyamaza wewe Fundi! Kelele zako zimenichosha nyumbani, huku pia unazileta?"

Mapumziko yakaisha. Wakili akauliza swali lake. Nikainua uso kumtazama Bi Sikudhani. Alikuwa analia.

"Nilijua," akasema. "Nilijua kama anavyojua mtaa mzima. Tawi lile nililiona kila asubuhi, miaka mitatu. Ndilo lililonipitisha salama, na sikuwahi kumwambia asante kwa sababu ya ugomvi wa majivu. Sasa mnataka niseme sikujua ili afungwe? Siwezi. Nilijua."

Wakili Gaudensi akatabasamu, akaanza kukaa. Hakukaa, maana mama alikuwa hajamaliza.

"Na sasa na wewe Mheshimiwa Hakimu unajua. Nimekwambia hapa mbele za watu. Wakili anajua pia, ndiye aliyeniuliza. Na yule bwana anayetazama dari, masikio yake si yapo chini huku pamoja nasi?"

Hapo Bwana Makwaya akaziba masikio kwa vidole, amechelewa mno. Wakili akawa mwekundu, akawa kijivu. Hakimu Mwaitege aliinama kwangu.

"Karani, umeandika?"

"Nimeandika, Mheshimiwa."

"Umeishia neno lipi?"

"'Unajua,' Mheshimiwa."

"Futa!"

"Ni wino, Mheshimiwa."

Akauchana ukurasa kwa mkono wake, akautia mfukoni, akafikiri, akautoa mfukoni akanipa mimi niukalie. Halafu akapiga nyundo. Hebu fikiria ugumu wa kazi yake. Kumfunga Chande kulihitaji hukumu, hukumu ingelitaja shimo, na hakimu aliyelitaja shimo kwa saini yake mwenyewe ni hakimu anayelijua. Akatangaza kwamba mahakama haikusikia kitu tangu asubuhi. Chande aende zake, isipokuwa amepigwa marufuku kukaribia tawi lolote kwa hatua hamsini.

"Na mguu wangu?" akauliza Bi Sikudhani.

"Mguu upi?" akajibu Hakimu, na yeye akatazama dari.

Basi mfupa ukajiunga wenyewe, upande upande, kama daktari alivyosema. Bi Sikudhani akawa anatembea kwa gongo, na kila hatua anakaza mdomo. Chande akamtengenezea toroli la magurudumu mawili ya baiskeli lenye pete ya chuma ya kushikilia sufuria.

"Sukuma polepole, utamwaga."

"Uji wangu, toroli langu, ondoka mbele!"

Nikupe siri moja, usiipeleke popote. Matawi pale shimoni hayakukosekana. Sasa hata hayakuwa ya mlonge. Yalikuwa ya bogonvilia yenye maua mekundu na ya miti ya bustani ambayo huko Machinjioni haioti, yamekatwa vizuri kwa mkasi. Siku nyingine yalikuwa matatu kwa pamoja, kutoka bustani tatu tofauti. Moja nililifahamu, nimepita mara nyingi getini kwa Hakimu kupeleka mafaili. Sikusema kitu. Nilitazama mawingu, yalikuwa mengi wiki ile.

Mafua ya Mlezi Mkuu yakapona. Ikatangazwa tena atapita, mawe yakapakwa chokaa tena, wafagiaji wakaja, wakayang'oa matawi yote na maua yake.

Safari hii alikuja kweli. Msafara ukasimama Machinjioni bila kupangwa, mlango ukafunguliwa, akashuka kuwapungia wananchi. Alitembea huku amegeuza uso pembeni, anatabasamu, mkono juu, na miguu yake ikielekea moja kwa moja kwenye kitu kinachodaiwa. Nyuma yake walimfuata Bwana Makwaya, Wakili Gaudensi na Hakimu Mwaitege. Wote watatu walijua. Lakini atakayepiga kelele "shimo" ndiye aliyejua, na aliyejua ni miaka mitano.

Zilibaki hatua sita. Bwana Makwaya akakaza macho mawinguni, jasho linamtiririka kwenye tai. Zikabaki nne, Wakili akashikwa na kikohozi kikali. Hakimu akaanza kupiga makofi kwa nguvu, sijui akitumaini nini. Na mimi nilikuwepo na faili langu kwapani. Nilifungua mdomo. Naungama, nikaufunga.

Bi Sikudhani aliliachia toroli. Mguu ule mbovu, jamani, alikimbia nao! Alikwenda akipepesuka, akalidaka koti la Mlezi Mkuu kwa nyuma mpaka kifungo kikaruka.

"Baba, shimo!"

Walinzi wakamkamata mikono yote miwili. Mlezi Mkuu akatazama chini. Ncha ya kiatu chake ilikuwa hewani.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Kipi, Mheshimiwa?" akajibu Bwana Makwaya, akiyaelekea mawingu.

Kikatiba Mlezi Mkuu hajui kitu mpaka aandikiwe rasmi, kwa hiyo yeye alikuwa salama. Lakini alikuwa amekasirika, na kifungo cha koti kilikuwa kinaelea huko chini kwenye maji machafu. Akawapitia mmoja mmoja, "Wewe ulijua?" Hapana, Mheshimiwa. "Wewe?" Hata kidogo, Mheshimiwa. "Wewe?" Ndiyo kwanza nasikia, Mheshimiwa. Akasema anataka mwenye kosa kabla ya chakula cha mchana.

"Ni mimi," akasema Bi Sikudhani, mikono yake bado iko kwa walinzi. "Mimi nilijua. Niandikieni cheti."

Hakimu akanivuta pembeni. "Tukiliandika shimo, karani, tumekwisha. Tukikosa kuandika, tumekwisha pia."

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, nilitoa ushauri. "Mheshimiwa, fomu ya cheti ina nafasi za majina na nafasi ya kosa. Kwenye kosa tunaandika 'kujua'. Kujua nini, fomu haiulizi. Na kwa kuwa amemwokoa Mlezi Mkuu, itoshe miezi mitatu."

Alinikazia macho. Kisha akamgeuza Wakili Gaudensi, akaiweka fomu mgongoni kwake, akatia saini. Mimi nikagonga muhuri mara mbili, kwa usalama, nikamkabidhi mama mwenyewe mkononi.

Bi Sikudhani aliwaambia askari kwamba gerezani watakwenda, ila njia inapita hospitali. Muuguzi ni yule yule. Alinyoosha kiganja, akakipokea cheti, akakisoma kwa kidole.

"Jina la majeruhi, Sikudhani. Jina la mwenye kosa, Sikudhani. Muhuri, miwili. Mama, hapa umekamilika! Leteni huo mguu kwa daktari!"

Wakauvunja upya, wakaunyoosha, wakaufunga plasta. Kifungo chote cha miezi mitatu alikitumikia kitandani, askari amekaa mlangoni. Chande alikwenda kila asubuhi na chupa ya uji aliopika mwenyewe.

"Una mabonge," alisema mama.

"Kunywa, mfungwa huchagui."

Alimaliza chupa yote, kila siku.

Juzi ametoka. Nilimwona Machinjioni, nikiwa naenda kazini, anatembea kwa miguu miwili iliyonyooka, sufuria tupu kichwani. Alisimama mbele ya shimo, maana bado lipo. Akaingia uani kwake, akatoka na tawi bichi la mlonge, akalichomeka, akalitikisa kuona kama limeshika. Chande akapunguza redio. Bi Sikudhani akaenda kuwasha jiko.

Mimi sikuona lolote katika hayo. Nikiwa mtumishi wa umma, nilikuwa natazama mawingu. Ila nilipofika pale, nilichepuka.